Chaki na Kisima Namba Nne

Vidole vyake viwili vya mkono wa kulia, gumba na cha shahada, vilikuwa na rangi ya buluu isiyotoka kwa sabuni wala kwa kusugua. Kwa hiyo mji mzima ulimwita Chaki. Jina aliloandikishwa shuleni, ambako aliishia darasa la saba, lilibaki kwenye kitambulisho, na siku walipomwita kwa jina hilo posta alikaa kwenye benchi akimsikitikia huyo mtu asiyesikia.

Kazi yake ilikuwa kupima maji yaliyo chini ya ardhi. Alikuwa na visima kumi na kimoja vya kuzungukia, baiskeli moja, na utepe wa chuma wa mita mia uliozungushwa kwenye gurudumu dogo la mkono. Mita ya mwanzo ya utepe aliipaka chaki ya buluu, akaushusha ndani ya bomba la kisima mpaka namba aliyoichagua ikae sawa na mdomo wa bomba, kisha akauvuta juu taratibu. Maji yalipogusa, chaki iligeuka nyeusi. Alisoma pale weusi ulipokoma, akatoa kwenye ile namba ya mdomoni, akapata maji yako mita ngapi chini. Basi. Hesabu ya kutoa, aliyofundishwa na mwalimu wa darasa la tatu kwa fimbo.

Wengi waliona ni kazi ya kusinzia. Chaki alikuwa ameifanya miaka kumi na tisa, na bado kila utepe ulipokaribia kutoka moyo ulimwenda mbio kama mtu anayefungua bahasha ya matokeo ya mtihani. Yako wapi leo? Yamepanda? Yameshuka? Katika mji ule mkavu, uliokuwa ukiongeza nyumba kila ukigeuza shingo, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kujua.

Kwa watu, hata hivyo, alikuwa mzito wa maneno. Ukimsalimia aliitikia akiwa ameshakupita. Kwenye harusi ya binti yake walipomlazimisha kusema neno alisimama, akasema, "Karibuni chakula," akaketi. Chakula kilikuwa bado hakijaiva.

Sasa, miaka mitatu nyuma, ofisi ya maji ilikuwa imewaita wakulima wa mboga wa bondeni. Walikuwa tisini na wawili, mke wa Chaki mmoja wao, na mwenyekiti wao alikuwa dada mkubwa wa mkewe, mwanamke mwenye sauti ya kuitia mbuzi ng'ambo ya pili. Ofisi ikawaambia wazi: maji ya chini yanakwisha, na kampuni inayojenga nyumba mia nne upande wa kaskazini nayo imeomba kibali cha kuchimba. Hayawatoshi wote. Mtapewa miaka mitatu. Chimbeni mashimo ya kuinywesha ardhi maji ya mvua, zimeni pampu siku mbili kila wiki. Kisima namba nne, ambacho hakina pampu na kazi yake ni kupimiwa tu, ndicho kitakachosema. Kikipanda nusu mita, kibali chenu kinabaki kizima. Kisipopanda, kinakatwa nusu, na hiyo nusu inakwenda kwenye nyumba.

Wakachimba. Mashimo mia moja na arobaini, yenye kina cha kumzidi mtu, yakajazwa mawe na kokoto. Walivumilia siku za kuzima pampu huku mchicha ukilala kifudifudi. Miaka mitatu ikaisha. Mkutano wa uamuzi ukapangwa Alhamisi.

Na kitabu cha Chaki kilisema kwamba kisima namba nne kilikuwa kimeshuka sentimita nane.

Nyumbani hapakuwa na ugomvi, lakini hapakuwa na raha. Mkewe alimwekea chakula na kukaa naye, akimtazama anavyotafuna.

"Hukosei kuinama ukasoma vibaya, baba watoto?"

"Sikosei."

"Hata sentimita mbili tatu?"

"Mama watoto, nikianza kuongeza sentimita, mimi si mpimaji tena. Ni mshairi."

Mkewe alicheka bila kutaka, kisha akaondoa sahani.

*

Jumatano asubuhi Chaki alikwenda namba nne kuchukua kipimo cha mwisho. Pampu zote za bondeni zilikuwa zimezimwa tangu juzi ili maji yatulie. Alifungua kifuniko, akapaka chaki, akashusha utepe mpaka mita thelathini na mbili zikakaa mdomoni, akavuta. Weusi ulikoma kwenye sentimita hamsini na mbili. Mita thelathini na moja na sentimita arobaini na nane. Mwanzo wa miaka mitatu ilikuwa thelathini na moja na arobaini. Alirudia mara tatu. Maji hayakumwonea huruma.

Upande wa pili wa uzio fundi mwashi alikuwa akijenga ukuta wa nyumba ya mtu. Alikuwa mtu wa maneno mengi, na kwa kukosa msikilizaji siku hiyo aliiegemea nguzo ya uzio akaanza.

"Chaki, kaka yangu, mbona unakitazama hicho kisima kama kimekula kuku wako?"

"Kazi tu, fundi."

"Usikiangalie vibaya. Hiyo sakafu ni mkono wangu. Umeona ufa hapo? Hata wa kupita sisimizi? Hutauona. Hapo chini nimezika tofali mistari mitatu, na kifusi lori mbili nimemwaga uwanja mzima."

"Ulisakafia, najua."

"Kusakafia ni kazi ya wanafunzi. Mimi nimeinua! Ile mvua kubwa ya mwaka juzi ilileta tope mpaka kwenye kifuniko. Msimamizi wenu wa zamani akasema fundi, inua kila kitu, maji machafu yasiingie. Fundi bomba akaunga kipande cha bomba juu, mimi nikainua sakafu ikafuata. Wewe ulikuwa hospitali unapasuliwa ngiri. Au walikupasua na kumbukumbu?"

Chaki hakucheka. Alitazama bomba. Mdomo wake ulimfika gotini, kama siku zote. Kila mwezi alikuwa akiupima kwa goti lake bila kujua kwamba anaupima: gotini, sawa, endelea. Lakini kama sakafu nayo ilipanda, goti lake lilipanda pia, na macho yake, na yeye mzima. Aligeuka akatazama nguzo za uzio. Zamani zilimfika begani. Sasa mwashi alikuwa ameziegemea kwa kiwiko, na vichwa vya nguzo vilimfika Chaki kiunoni.

"Fundi," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza. "Bomba liliungwa kiasi gani?"

"Kiasi cha mistari mitatu."

"Sentimita ngapi?"

"Tofali ni ishirini. Tatu ni sitini. Udongo wa saruji katikati, ongeza. Ila mstari wa chini niliuzamisha kidogo ardhini, toa."

"Kidogo ni kiasi gani?"

"Kidogo ni kidogo, kaka. Mwaka na nusu huo. Hata mke wangu simkumbuki alivaa nini jana."

Chaki alikaa chini kwenye saruji ya mwashi, akafungua kitabu mapajani. Yote yalikuwa hapo, kwa mwandiko wake. Mwaka na nusu wa kwanza maji yalipanda polepole mpaka thelathini na moja na ishirini na mbili. Halafu mwezi aliotoka hospitali, thelathini na moja na themanini na nane. Kuruka namna ile! Mwezi ule kampuni ya nyumba ilikuwa ikijaribu kisima chake kwa pampu kubwa usiku na mchana, na Chaki alijieleza mwenyewe kwamba ndiyo sababu, akaandika pembeni "majaribio ya pampu", akafunga kitabu. Tangu hapo, mwezi kwa mwezi, maji yalikuwa yakipanda tena.

Yalikuwa yanapanda. Miaka mitatu yote yalikuwa yanapanda, na yeye aliyasimamia juu ya tofali tatu akiyaambia yameshuka.

Akapiga hesabu pembeni mwa ukurasa. Ili nusu mita itimie, bomba lazima liwe limeinuliwa si chini ya sentimita hamsini na nane. Sitini, ongeza saruji, toa kidogo. Kila kitu kilikuwa ndani ya hicho kidogo cha mwashi.

*

Aliendesha baiskeli mpaka ofisi ya maji kwa kasi ambayo mtu wa umri wake huulizwa kuna msiba wapi. Mhandisi wa maji, mwenye uamuzi wa Alhamisi, hakuwepo; alikuwa kwenye bwawa la mbali ambako simu haishiki. Karani akamwambia aache ujumbe. Chaki akaishika kalamu, akaiangalia karatasi, akaona jambo lile haliingii kwenye karatasi. Akaenda nyumbani.

Mkewe alikuwa akipepeta kunde uani. Alimsikiliza mpaka mwisho, ungo ukiwa umeganda hewani.

"Rudia hapo pa goti."

Akarudia.

Aliweka ungo chini. Alijifunga upya kanga, akajifungua, akajifunga tena. "Nakwenda kumwambia dada. Sasa hivi. Nakwenda kuwaambia wote!"

"Subiri. Sijui ni sentimita ngapi. Nikisema, halafu ikawa hamsini na tano?"

"Basi tutajua ni hamsini na tano."

"Mwambie dada yako aseme yeye kesho. Sauti anayo."

Mkewe alimsogelea, si kwa ubaya.

"Kitabu ni cha nani?"

"Changu."

"Goti ni la nani?"

Chaki akainama, akalitazama goti lake.

"Dada akisimama aseme mpimaji alikosea, wataona mkulima anatetea mchicha wake. Ukisimama wewe useme nilikosea, nani atabisha? Hakuna mtu anayejizulia kosa mbele ya mwajiri wake, baba watoto."

*

Ukumbi ulikuwa umejaa saa mbili kasoro asubuhi. Viti vya plastiki vyeupe, feni moja inayozunguka na moja inayotazama, na wakulima waliosimama kuzunguka kuta kwa sababu viti havikutosha. Mhandisi wa maji, mwanamke kijana mwenye buti za tope la jana, alikaa mbele na mafaili. Pembeni yake alikaa meneja wa kampuni ya nyumba, shati limenyooka kama limechapwa.

Mhandisi hakupiga porojo. Alisoma masharti, akasoma kipimo cha mwanzo, akasoma kipimo cha jana. Shemeji mwenyekiti akasimama, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikufika nyuma.

"Tumechimba, mhandisi. Mikono hii hapa."

"Naijua mikono yenu, mama. Nimeyahesabu mashimo mwenyewe. Lakini tuliafikiana kisima ndicho kiseme."

Hapo ndipo mkono wenye vidole vya buluu uliponyanyuka karibu na mlango.

"Ndiyo, mzee Chaki?"

Akasema.

"Sauti!" wakapaza kutoka nyuma.

"Shemeji, tapika hilo neno," mwenyekiti alisema, "tumeshakuona umesimama, hiyo peke yake ni habari."

Kicheko kikapita ukumbini, na labda hicho kicheko ndicho kilichomsaidia. Chaki akakohoa, akashika mgongo wa kiti cha mbele, akasema kwa sauti iliyofika kila ukuta:

"Kisima hakikukosea. Nimekosea mimi. Miezi kumi na minane napima kutoka mdomo mpya, naandika kama ni mdomo wa zamani."

Akaeleza yote. Ngiri, mvua, tofali tatu, kifusi, goti. Aliposema goti hakuna aliyecheka. Mhandisi alikuwa ameinama kwenye faili akifuata mstari kwa kidole, na kidole kilipofika kwenye ule mruko kikasimama.

"Majaribio ya pampu," alisoma.

"Niliandika mimi. Nilitaka sababu, nikaipata iliyo karibu."

Meneja aliinua mkono. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na familia mia nne zinazosubiri bomba litoe maji. "Mhandisi, kwa heshima zote. Mke wa huyu bwana ana kitalu bondeni. Shemeji yake ni mwenyekiti. Na sentimita zimepatikana jana. Ningekuwa mimi ndiye nimezipata, nyie mngesemaje?"

Minong'ono ikaanza kuchemka. Mhandisi akapiga meza. "Meneja ana hoja. Mzee Chaki, mdomo wa zamani tutauonaje?"

"Uko chini ya saruji. Mhandisi aliyekutangulia aliuzungushia rangi nyekundu kwa mkono wake, nikiwepo, tuwe tunapima hapo. Kiungo cha bomba kitakuwa palepale. Pavunjwe."

"Pavunjwe," mhandisi alisema, akafunga faili. "Sasa hivi. Mwashi yuko?"

"Nipo," ilijibu sauti ya uchungu kutoka dirishani. "Sakafu isiyo na ufa, jamani."

*

Mkutano mzima ukahamia barabarani. Waliotembea walianza kutembea haraka, waliotembea haraka wakaanza kukimbia, na wauza maduka wakatoka nje kuuliza kulikoni. Kwenye uzio wa namba nne watu walijipanga safu tatu. Mwashi alivua shati, akapiga magoti kando ya bomba, tindo mkononi.

"Nilijenga siku tatu," alisema. "Naomba nibomoe kwa heshima."

"Bomoa, mwanangu, mengine utalia nyumbani," alisema mwenyekiti.

Nyundo ikalia. Saruji ilikuwa kweli ya mtu anayejisifu kwa haki. Ilitoka vipande vya ukubwa wa vidole. Mstari wa kwanza wa tofali ukaonekana, wa pili, wa tatu. Meneja alikuwa amesimama mbali ili asirukiwe na vumbi. Kufikia mstari wa pili alikuwa amechuchumaa ukingoni mwa shimo, shati limekwisha. Chaki alisimama na utepe wake kifuani. Hakuweza kutazama wala kuacha kutazama.

"Kuna rangi," mwashi alisema.

Akapangusa kwa kidole. Palikuwa na pete nyekundu, imefifia lakini kamili, na juu yake tu kiungo cha bomba kipya.

Chaki akasogea, halafu akajizuia. Akampa meneja utepe mdogo wa mfukoni. "Pima wewe, bwana. Mimi mkono wangu una shemeji wengi."

Meneja alilala kifudifudi juu ya vumbi. Akaweka mwanzo wa utepe kwenye pete, akaunyoosha mpaka mdomo wa juu. Watu tisini walishika pumzi. Alisoma, akafuta jasho, akasoma tena, akamwita mhandisi naye asome.

"Sitini na sita," alisema mhandisi.

Vigelegele vilianza, lakini mhandisi akanyanyua mikono yote miwili. "Bado! Kwanza tupime maji ya leo. Mzee, shusha."

Chaki akapaka chaki. Alishusha mpaka thelathini na mbili zikakaa mdomoni, na mara hii alimtaka meneja aweke kidole hapo ahakikishe. Akavuta. Gurudumu lililia kri, kri, kri, sauti aliyoisikia peke yake miaka kumi na tisa, na leo iliisikia kadamnasi. Weusi ulikoma kwenye hamsini na nne. Yalikuwa yamepanda sentimita mbili nyingine tangu jana.

"Sema, shemeji."

"Kutoka mdomo wa juu, thelathini na moja na arobaini na sita. Toa sitini na sita." Hakuhitaji karatasi. "Thelathini na themanini. Mwanzo tulikuwa thelathini na moja na arobaini. Maji yamepanda sentimita sitini."

Kelele iliyofuata iliwatoa njiwa kwenye mabati ya mitaa mitatu. Mwenyekiti alimkumbatia mhandisi, akamkumbatia mwashi aliyejaa vumbi, akataka kumkumbatia meneja, meneja akampa mkono, akakumbatiwa. Mke wa Chaki alisimama kando ya mumewe na kumpangusa vumbi la saruji begani, akaendelea kulipangusa hata lilipokuwa limekwisha.

Mhandisi aliandika palepale, faili likiwa juu ya nguzo ya uzio: kibali cha bondeni kinabaki kizima. "Na wewe, mzee, ofisi itakuandikia barua ya onyo. Kipimo kikiruka vile, huandiki sababu. Unatuita."

"Ni haki yangu," Chaki alisema. "Naomba iandikwe kwa herufi kubwa, nitaibandika kwenye kitabu."

Meneja alikuwa bado amechuchumaa kwenye shimo. "Hayo mashimo mia na arobaini," alimwuliza mwenyekiti, "ni bondeni tu ndiyo yanafanya kazi, au hata kwenye mapaa ya nyumba mia nne? Maji ya mvua ya mapaa yanakwenda bure barabarani."

"Leta koleo Jumamosi," alisema mwenyekiti. "Na hilo shati liache nyumbani."

Huko bondeni mtu aliyekuwa amepata habari alikwishakimbilia pampu. Ya kwanza ikakohoa, ikawaka. Watu wakashangilia, wakaanza kushuka kwa makundi, kila mmoja aiwashe yake baada ya siku tatu za kiu.

"Zimeni!"

Waligeuka wote. Hawakujua sauti ile ni ya nani. Chaki alikuwa amesimama juu ya kifusi, shingo imemtoka mishipa, mkono wa buluu hewani.

"Hakuna kuwasha! Huu ni mdomo wa zamani, umeonekana baada ya mwaka na nusu. Lazima nipime kutoka hapo maji yakiwa yametulia. Mwambieni huyo azime, na kila mtu akae alipo nusu saa."

"Shemeji, mchicha unakufa," alisema mwenyekiti.

"Umekufa siku tatu, utakufa nusu saa nyingine. Kaa chini."

Mwenyekiti wa wakulima tisini na wawili akakunja kanga, akakaa chini kwenye vumbi. Wengine wakamfuata, wakicheka, mpaka kwenye uzio. Pampu ikazima. Chaki akapaka utepe chaki mpya, akamwambia mwashi akate bomba kwenye kiungo, juu ya pete nyekundu, na aanze sasa hivi.